Mbingu kwa Umbo la Mama: Kisasili cha Uumbaji cha Misri ya Kale, Mchoro na Msomaji Mtoto

Utangulizi

Miongoni mwa michoro ya Misri ya kale inayopatikana kwa wingi katika vitabu vya watoto ni ule unaomwonyesha mwanamke aliyeinama mfano wa tao, vidole vyake vya mikono na vya miguu vikigusa ardhi. Chini yake amelala mwanamume. Katikati amesimama mwanamume wa pili aliyeinua mikono kumtegemeza yule mwanamke asianguke. Mwanamke huyo ni Nut, yaani mbingu. Aliyelala ni Geb, yaani ardhi. Na anayewatenganisha ni Shu, yaani hewa, ambaye ndiye baba yao. Aghalabu mchoro huu huwekwa pembeni mwa ukurasa, nayo hadithi ya nathari yenye mwanzo wa ngano hushika nafasi iliyobaki. Msomaji hufahamu kwamba maneno ndiyo kazi yenyewe, na mchoro ni pambo.

Makala haya yanakusudia kuuhoji mpangilio huo. Tunadai kwamba hadithi mfululizo ambayo mtoto wa leo husomewa ni changa kuliko mchoro unaoipamba, na kwamba mtoto anayeanza na mchoro huanza karibu zaidi na namna Wamisri wenyewe walivyokihifadhi kisasili chao. Hata hivyo, tutaonyesha pia kwamba mchoro una mipaka yake: yako mambo katika kisasili hiki ambayo hukaa katika sauti ya maneno tu. Suala hili si la wataalamu wa mambo ya kale peke yao. Mwalimu au mwandishi anayetaka kumfikishia mtoto kisasili hiki kwa Kiswahili hana budi kuchagua aanzie wapi, na uchaguzi wake ndio utakaoamua mtoto huyo atapokea nini.

Kisasili Kisicho na Msimulizi

Maandishi ya kale zaidi yanayogusia uumbaji huu yamechongwa katika kuta za vyumba vya ndani vya piramidi ya mfalme Unas huko Saqqara, yapata mwaka 2350 KK. Gaston Maspero aliingia humo mwaka 1881, na tangu wakati huo maandishi hayo pamoja na yale ya piramidi zilizofuata yamekuwa yakiitwa Maandishi ya Piramidi. Kutoka katika maandishi haya tunajifunza kwamba hapo mwanzo palikuwa na Nun, maji yasiyo na kingo wala mwanga. Kwamba Atum alijitokeza mwenyewe akawa juu ya kilima cha kwanza. Kwamba kutoka kwake walitokea Shu na Tefnut. Na kwamba hao waliwazaa Geb na Nut. Nao Geb na Nut waliwazaa Osiris, Isis, Seth na Nephthys. Ukiwajumlisha wote pamoja na Atum unapata Tisa wa Iunu, mji ambao Wagiriki waliuita Heliopolis na ambao leo umemezwa na Cairo.

Muhtasari huu tuliouandika katika aya moja haupatikani popote katika piramidi ya Unas. Maandishi yale ni tungo za mazishi zilizokusudiwa kumpandisha mfalme mbinguni. Kila utungo hudokeza tukio fulani la mwanzo wa ulimwengu kwa ajili ya nguvu yake, kisha ukaliacha. Hakuna msimulizi, hakuna mwendelezo, na hakuna hadhira inayohitaji kuelezwa nani ni nani. Ni sawa na mtu anayeapa kwa jina la babu yake bila kusimulia maisha ya babu huyo. Jan Assmann, katika makala yake ya mwaka 1977 kuhusu jambo hili, alihoji iwapo inafaa hata kuzungumzia visasili vya kimasimulizi katika kipindi hicho cha kale cha Misri. Si wote waliokubaliana naye, lakini swali lake limebaki.

Isitoshe, kisasili hakikuwa kimoja. Katika mji wa Khmun walitajwa Wanane waliokuwamo majini kabla ya jua kuchomoza. Katika Memphis ilidaiwa kwamba Ptah aliumba kwa moyo na ulimi, yaani kwa kuwaza na kutamka. Dai hili limehifadhiwa katika jiwe la mfalme Shabaka wa nasaba ya 25, ambalo baadaye lilitumiwa kama jiwe la kusagia na sasa limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Wamisri hawakuona haja ya kuchagua toleo moja na kulitupa jingine. Henri Frankfort, mwaka 1948, aliiita hali hii wingi wa njia za kulikabili jambo moja: kila taswira ilijibu swali lake, na maswali yalikuwa mengi.

Masimulizi yenye mtiririko wa hadithi, hasa kuhusu watoto wa Nut, tunayapata kwa ukamilifu kutoka kwa mgeni. Plutarch, Mgiriki aliyeandika mwanzoni mwa karne ya pili BK, anaeleza jinsi jua lilivyomlaani mama huyo asizae katika mwezi wala mwaka wowote, na jinsi Hermes alivyocheza dama na mwezi akashinda sehemu ya sabini ya mianga yake. Kutokana na sehemu hizo aliunda siku tano za nyongeza, na katika siku hizo watoto wakazaliwa. Plutarch hata hamwiti mama huyo Nut. Anamwita Rhea, kwa jina la Kigiriki. Hapa ndipo pana shina la hadithi ambayo watoto wengi wa leo huijua kuwa ndiyo ya Kimisri. Kutoka piramidi ya Unas hadi Plutarch ni zaidi ya miaka elfu mbili na mia nne.

Mchoro na Kazi Yake ya Asili

Mchoro ulikuwapo muda mrefu kabla ya Plutarch. Katika jengo ambalo Seti wa Kwanza, aliyetawala yapata 1294 hadi 1279 KK, alilijenga nyuma ya hekalu lake huko Abydos, dari moja inamwonyesha Nut akitegemezwa na Shu. Maandishi yametawanywa juu ya kiungo hiki na kile cha mwili wake. Karibu na kinywa panaelezwa jua linavyoingia jioni. Karibu na mapaja panaelezwa linavyozaliwa asubuhi. Yeyote anayetaka kuyasoma hana budi kuufuata mwili wa mbingu kwa macho. Mwili ndio mpangilio wa matini. Maneno yakiondolewa hapo na kupangwa katika mistari ya kitabu, hupoteza mahali pake, na katika kazi hii mahali ni sehemu ya maana.

Maandishi yanayoandamana na dari hiyo yana jambo ambalo vitabu vya watoto havilitaji sana. Yanaeleza kwamba Geb aligombana na Nut kwa sababu alikuwa akiwameza nyota, watoto wao, na kwa ajili hiyo Nut akaitwa nguruwe jike anayekula vitoto vyake. Taswira hii inatisha na inachekesha papo hapo, na tena inafafanua jambo ambalo kila mtoto ameliona: nyota hutoweka. Kumeza hapa si kuua. Nut huwameza ili awazae tena, kama anavyolimeza jua.

Mchoro unaofahamika zaidi umo katika gombo la mafunjo liitwalo la Greenfield, lililotengenezwa katika karne ya 10 KK kwa ajili ya Nesitanebtashru, bintiye Pinudjem wa Pili, kuhani mkuu wa Amun huko Thebes. Gombo hilo lina urefu unaozidi mita 37, na lilifika katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1910. Mambo mawili yanafaa kutiliwa mkazo. Kwanza, mchoro huo ni wa mistari ya wino mweusi. Buluu iliyokolea ambayo mtoto huikuta katika kitabu imetiwa na mchapishaji. Pili, gombo hilo lilikuwa mali ya mfu. Wamisri walizoea kumchora Nut ndani ya vifuniko vya majeneza ili amwinamie maiti kama alivyoiinamia ardhi, na kumzaa upya. Hivyo mchoro ambao leo hutumiwa kumweleza mtoto mwanzo wa ulimwengu ulikuwa ahadi aliyopewa mtu aliyefikia mwisho wake.

Mtoto wa Misri ya kale hakuwa hadhira ya mchoro huu. Wanafunzi wa uandishi katika kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina waliacha nyuma vigae na vipande vya mawe walivyonakilia masomo, na tungo walizopewa zilikuwa za mawaidha, barua na sifa za kazi ya ukarani. Makaburi yalifungwa, na vyumba vya ndani vya mahekalu havikuwa vya kila mtu. Kumwonyesha mtoto mbingu iliyoinama ni jambo jipya, na upya huu usifichwe. Kisasili hakikufikia meza ya darasa kwa urithi ulionyooka. Kilitolewa kaburini, kikafasiriwa, kikapewa kazi nyingine.

Kutoka Kaburini hadi Kitabuni

Safari hiyo ilianza na Champollion, aliyetangaza ufumbuzi wake wa hiroglifi mwaka 1822. Ilipofika mwaka 1912, E. A. Wallis Budge alikuwa amechapisha nakala ya gombo la Greenfield, na michoro ya mistari ya aina hiyo ilikuwa rahisi kunakiliwa katika vitabu vya wasomaji wa kawaida. Baadaye ikaja mikusanyiko ya watoto. Roger Lancelyn Green alichapisha mkusanyiko wake wa hadithi za Misri ya kale mwaka 1967, na humo mkondo wa Plutarch unaonekana wazi. Virginia Hamilton, mwandishi Mmarekani Mweusi, alichapisha mwaka 1988 mkusanyiko wa visasili vya uumbaji vya mataifa mbalimbali, ukiwemo wa Misri, kwa picha za Barry Moser. Umuhimu wa kazi yake ni kwamba aliviweka visasili hivyo bega kwa bega, kila kimoja kikifuatiwa na maelezo mafupi ya asili yake, bila kukifanya chochote kuwa kipimo cha vingine.

Swali huulizwa kuhusu yale yanayoachwa. Katika utungo mmoja wa Maandishi ya Piramidi, Atum anawapata Shu na Tefnut kwa mkono wake na mbegu yake mwenyewe. Katika mwingine anawatema. Vitabu vya watoto huchagua mate au chafya, na wahakiki wengine wameuona uchaguzi huo kuwa udhibiti tu wa watu wazima. Sisi tunatofautiana nao. Toleo la mate limo katika mkusanyiko ule ule wa tungo za kale, na lina hoja yake ya kifasihi: katika Kimisri vitenzi vya kutema vinakaribiana kwa sauti na majina Shu na Tefnut. Anayelichagua hamdanganyi mtoto. Kosa huwa pale anapodai kwamba hilo ndilo toleo pekee.

Mfano huo wa sauti unatufikisha kwenye mpaka wa mchoro. Mojawapo ya madai mashuhuri zaidi ya Wamisri ni kwamba binadamu walitokana na machozi ya jicho la muumba. Gombo la Bremner-Rhind, la mwishoni mwa karne ya 4 KK, ni miongoni mwa matini zinazolihifadhi. Msingi wake ni mchezo wa maneno: neno la watu na neno la machozi yalikuwa na konsonanti zinazofanana. Msanii anaweza kuchora jicho, tone na mtu, lakini hawezi kuchora mwangwi uliomfanya Mmisri aone kwamba jambo hili haliwezi kuwa vinginevyo. Katika Kiswahili, watu na machozi hayasikilizani. Hapa mwalimu anahitaji sauti yake, na pengine kicheko, ili mtoto atambue kwamba kulikuwa na lugha iliyoamini kwamba maneno yanayofanana yana siri moja.

Jinsia, Ngeli na Tatizo la Msimulizi wa Kiswahili

Tatizo la kinyume linajitokeza tunapomsimulia mtoto habari za Nut kwa Kiswahili. Katika Kimisri neno la mbingu lilikuwa la jinsia ya kike na neno la ardhi lilikuwa la kiume. Sarufi na kisasili vilikubaliana. Kwa Wagiriki mambo yalikuwa kinyume: Gaia, ardhi, ni mama, na Ouranos, mbingu, ni baba. Mtoto aliyelelewa katika vitabu vilivyojengwa juu ya visasili vya Kigiriki hushtuka anapomkuta baba amelala chini na mama yuko juu. Wako wanaoeleza tofauti hii kwa hoja kwamba Misri ilitegemea mafuriko ya mto kutoka ardhini kuliko mvua kutoka juu. Maelezo hayo yana mvuto, ingawa hoja ya sarufi inaelekea kuwa na msingi imara zaidi.

Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi ya namna hii. Mbingu na ardhi zote zimo katika ngeli ambazo hazitofautishi kike na kiume, na kiambishi cha nafsi ya tatu humtaja Nut na Geb kwa namna moja. Msimulizi akisema kwamba alimkumbatia, kisha akatenganishwa naye, msikilizaji hana njia ya kujua nani ni nani. Ili kulifidia hilo, msimulizi hulazimika kuongeza maneno “mungu wa kike” kila mara, na simulizi hupoteza wepesi wake. Mchoro humaliza tatizo hili mara moja. Mtoto anaona. Kwa hiyo mchoro, ambao kwa msomaji wa Kifaransa unaweza kuhesabiwa kuwa ziada, kwa msikilizaji wa Kiswahili unabeba sehemu ya maana ambayo sarufi haibebi.

Mfinyanzi na Mikono ya Mtoto

Lakini Kiswahili nacho kina mali yake. Katika hekalu la Hatshepsut huko Deir el-Bahri, la karne ya 15 KK, na tena katika hekalu la Luxor lililojengwa na Amenhotep wa Tatu, kuna mchongo wa Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, akiwa mbele ya gurudumu la mfinyanzi. Juu ya gurudumu wapo watoto wawili wanaofanana: mfalme atakayezaliwa na ka yake, yaani pacha wake wa kiroho. Karne nyingi baadaye, katika hekalu la Esna, Khnum alisifiwa kuwa ndiye aliyewafinyanga watu wote.

Ni lugha chache zinazoweza kulisimulia tendo hili kwa wepesi kama Kiswahili. Kitenzi kuumba kimebeba maana ya kutengeneza umbo, na kutoka kwacho tunapata umbo, maumbile na Muumba. Katika Kigikuyu, mumbi ni mfinyanzi, nalo ndilo jina la mama katika kisasili cha asili ya Wagikuyu. Hatusemi kwamba visasili hivi vina chimbuko moja. Mjadala kuhusu Misri na Afrika nzima, aliouchochea Cheikh Anta Diop na uliofikishwa mbele ya kongamano la UNESCO mjini Cairo mwaka 1974, unahitaji ushahidi wa aina nyingine. Tunasema tu kwamba mtoto anayezungumza Kiswahili anao tayari, ndani ya kitenzi kimoja, ufunguo wa mchongo wa Deir el-Bahri. Akipewa udongo aufinyange, anafanya tendo lile lile analolitazama, na kulitaja kwa neno lile lile.

Je, inafaa kumwonyesha mtoto mchoro kwanza, au kumwacha aumbe wake? Misri yenyewe imetoa jibu moja kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, msanifu majengo Ramses Wissa Wassef alianzisha karakana katika kijiji cha Harrania, karibu na piramidi za Giza, ambamo watoto wa kijijini walifunzwa kufuma mazulia ya picha. Aliweka masharti: pasiwe na mchoro wa awali wa kufuatwa, pasiwe na kunakili kazi za wengine, na watu wazima wasikosoe. Kazi za watoto hao zilijulikana duniani, na mwaka 1983 kituo hicho kilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Watoto wa Harrania walifuma miti, ndege na maisha waliyoyaona. Sharti lake linatuonya dhidi ya karatasi za kutia rangi, ambazo humpa mtoto Nut aliyekwisha kuchorwa na kumwachia kazi ya kujaza nafasi tu.

Hata hivyo, kisasili si mti wala ndege. Mtoto hawezi kukiona dirishani, lazima apokezwe. Tunapendekeza utaratibu wa hatua mbili. Kwanza atazame mchoro wa kale bila hadithi, aulizwe ni nani anambeba nani, na jua huenda wapi usiku. Kisha mchoro uondolewe, na aulizwe yeye angeipa mbingu umbo gani. Majibu yake hayatakuwa ya Kimisri, na hayapaswi kuwa. Lakini atakuwa ameshiriki katika kazi waliyoifanya makuhani wa Iunu, Khmun na Memphis, waliokabili swali moja kwa taswira mbalimbali.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hadithi nyoofu ya uumbaji wa Misri ni zao la wakusanyaji wa baadaye, na kwamba mchoro wa Nut, Shu na Geb ulikuwa mpangilio wa maana kabla ya kuwa pambo la ukurasa. Tumeonyesha pia kwamba mchezo wa sauti katika machozi na watu hauwezi kuchorwa. Fasihi ya watoto inayokusudia kukitendea haki kisasili hiki itahitaji jicho na sikio kwa pamoja. Kwa mwandishi wa Kiswahili, mchoro utafidia kile ambacho ngeli zetu hazikisemi, na kitenzi kuumba kitasema kile ambacho mchoro hauwezi kukitamka. Nesitanebtashru aliwekewa mbingu hiyo kaburini ili asipotee gizani. Mtoto anayeitazama leo hana hofu hiyo bado, lakini swali lake la kila jioni, kwamba jua limekwenda wapi, ndilo hilo hilo.